Rimu za Prado kwenye Land Cruiser 80: geuza rimu kabla ya kutoa hela

Ukizunguka gereji za Arusha utakutana na 80 zilizovalishwa rimu za Prado. Prado 120, ile ya 2002 hadi 2009, imejaa mjini, rimu zake za mtumba za inchi 17 zinapatikana, na matairi ya 17 yana uchaguzi mpana. 80 yangu imevaa hizo hizo na inakwenda nazo Engaruka na Ngaresero, upande wa Ziwa Natron, kwa hiyo sina uso wa kukwambia usifanye. Ila usikubali kirahisi ule wimbo wa wauza rimu: "Sita kwa sita hiyo bosi, inaingia yenyewe."

Kuingia inaingia. Gari zote mbili zina stadi sita (bolti za kufungia rimu) kwenye duara la milimita 139.7, tundu la katikati la 106, na uzi wa 12 kwa 1.5. Sasa geuza rimu uangalie mgongoni. Kuna namba pale ambayo dukani haitajwi: ofseti. Rimu ya aloi ya 80, inchi 16 kwa 8, ofseti yake ni sifuri, yaani sehemu inayokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) iko katikati kabisa ya upana wa rimu. Ya Prado ni 17 kwa 7.5, ofseti 30, yaani sehemu hiyo imesogea milimita 30 kuelekea nje. Ukiifunga hivyo hivyo kwenye 80, kila tairi linazama ndani milimita 30 na gari linapungua upana wa kukanyaga kwa sentimita sita. Kwa gari refu lenye keria iliyojaa mizigo, sentimita sita si za kuchezea.

Mbele nako tairi linaweza kugusa ile mikono inayoshika eksili. Usibishane na fundi, pima. Paka chaki ubavu wa ndani wa tairi, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku gari likitembea taratibu, halafu lala chini uangalie mikono. Rudia ukiwa umepandisha gurudumu moja juu ya jiwe, maana kwenye sakafu ya gereji eksili imetulia na haikuonyeshi kitakachotokea korongoni. Chaki ikihamia kwenye chuma, jibu unalo.

Hapo ndipo spesa, kile kipande kinene kinachofungwa kati ya habu na rimu, inapokuwa na kazi. Spesa ya milimita 30 inarudisha tairi pale Toyota walipoliweka. Utasikia vijiweni kwamba spesa zinaua beringi, na mimi siungi mkono kauli hiyo ilivyo. Beringi haijui kuna spesa. Inajua tairi liko umbali gani kutoka kwake. Rimu ya 30 juu ya spesa ya 30 ni sawa na rimu ya sifuri. Wanaoua beringi ni wale wanaoweka spesa ya 50 ili gari lionekane pana, kisha tairi linatoka nje ya madigadi, usukani unakuwa mzito na kila tope linaruka mpaka kwenye kioo.

Chagua spesa inayokaa kwa kushikwa na tundu la katikati, siyo stadi peke yake: ndani ikumbate habu kwa 106, na nje iwe na mdomo unaoingia kwenye tundu la rimu. Iwe ya kufungwa kwa nati zake na yenye stadi zake. Zile sahani nyembamba za kuchomeka tu zinakula urefu wa uzi wa stadi, uziache. Ukishafunga, weka rula kwenye uso wa spesa: stadi za gari zisitokeze hata kidogo, la sivyo rimu itakaa juu ya ncha zake.

Nati ndizo zinazonifanya niandike makala hii. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu za chuma hutumia nati ya koni, na spesa nyingi zinafungwa kwenye habu kwa koni pia. Ukikaza koni kwenye rimu ya aloi ya Prado, inagusa ukingo wa tundu tu. Utaona imekaza, lakini inatafuna aloi taratibu mpaka inalegea. Na usiazime nati kwa jirani mwenye Nissan Patrol. Uzi wake ni 12 kwa 1.25, kwa macho huwezi kutofautisha, na mtu akilazimisha kwa spana ndefu stadi imekwisha. Rimu ya Patrol yenyewe ina mashimo sita yale yale ya 139.7, lakini tundu lake ni 110, kwa hiyo kwenye habu ya Toyota inacheza.

Kabla ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu iishe. Gamba dogo la kutu likibaki, barabara ya mawimbi italisaga na nati itakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Mimi nakaza aloi kwa Nm 110, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa kuruka juu ya wili spana. Nikifika Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka mjini, nakagua nati za nje. Za ndani ya spesa zinataka tairi litolewe, na hilo hufanyika nikirudi nyumbani.

Matairi: 265/65 ya Prado ni fupi kuliko 275/70R16 ya 80 kwa milimita 15 hivi, na ubavu wake ni mdogo kwa mawe ya kule Natron. 265/70R17 inakaribia zaidi kimo cha zamani.

Nunua rimu tano. Spea ya zamani ya inchi 16 juu ya spesa itatokeza nje sentimita tatu, ikiwa ya chuma itataka nati nyingine, na kimo chake hakitalingana na wenzake, jambo ambalo 80 yenye 4x4 ya muda wote hailipendi.