Maswali yenu: Sebule inayokimbiwa, jiko la mkaa chumbani na taa zinazoumiza macho

Msimu wa baridi ukianza, barua nyingi za Nyanda za Juu Kusini hugeukia jambo moja: nyumba ipo, samani zipo, lakini hapakaliki. Tumechagua tano.

Tumenunua makochi mapya na zulia, kila mgeni anasifu. Lakini mwezi wa sita ikifika saa moja usiku, kila mtu anachukua blanketi anakimbilia chumbani. Sebule ina madirisha mawili makubwa ya aluminiamu, mlango wa chuma na sakafu ya saruji. Tununue hita? (Mama wa watoto watatu, Uyole, Mbeya)

Hita isubiri, dada. Joto mnalo, ila linawatoroka. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la karibu wati 100. Ninyi watano mkiwa sebuleni ni wati 500 za bure, na kuta zilizopigwa na jua mchana kutwa nazo zinatoa zake. Kwanza tafuteni linapotokea.

Jioni yenye upepo, funga kila kitu, washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu chini ya mlango, kwenye pembe za fremu na pale vioo vinapopishana. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala upande, umeshapata tundu. Kwa mlango wa chuma tundu kubwa huwa chini, maana fundi huacha nafasi ya sentimita moja na nusu au mbili ili mlango usikwaruze sakafu. Shona mto wa mlango: kata kitambaa kizito chenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 20, kikunje kwa urefu, shona, kisha jaza mchanga mkavu kilo 2 na nafasi inayobaki umalizie kwa pumba za mpunga. Mchanga unaupa uzito usisogee, pumba zinazuia upepo. Ukijaza pumba tupu, upepo wa Uyole utausukuma hadi katikati ya sebule.

Kwenye madirisha ya kusukuma, angalia ule utepe wa manyoya ulio ndani ya mfereji wa aluminiamu. Ukishalala au kunyofoka, fundi wa aluminiamu anaubadilisha. Ila matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha msiyazibe, hasa kama mnapikia gesi au mkaa ndani.

Sasa mapazia, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Pazia jepesi linaloishia kwenye kizingiti cha dirisha ni pambo tu. Hewa inayogusa kioo hupoa, huwa nzito, hushuka na kumwagika sakafuni. Ndiyo maana miguu inaganda wakati kichwa kiko sawa. Dirisha la sentimita 150 linahitaji bomba la sentimita 180, ili pazia lipite kioo kwa sentimita 15 kila upande. Upana wa kitambaa uwe mita 3 hadi 3.6, na pazia lishuke hadi libakize sentimita moja kufika chini. Weka bitana ya marekani nzito. Bomba likae karibu na ukuta. Likisimama mbali, hewa ya joto inaingia nyuma ya pazia kwa juu na kutokea chini ikiwa ya baridi.

Mapazia yana saa zake pia. Mwezi wa sita na wa saba jua kwetu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini lifunguliwe pazia tangu saa tatu asubuhi. Yafungeni yote saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia. Mkingoja hadi muanze kusikia baridi, mmechelewa.

Makochi yasogee sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, yatazamane, na kati yake pasizidi mita 2 na nusu, la sivyo watu watakuwa wanapazia sauti televisheni. Zulia likae juu ya mkeka, si juu ya saruji tupu, na miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia.

Baada ya hayo, kama bado mnataka hita, pigeni hesabu: ya wati 1,500 ikiwaka saa 3 kila usiku inakula uniti 4.5, yaani uniti 135 kwa siku 30. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya wa kuunganisha, na ikae mita moja kutoka kwenye pazia.

Huku kwetu Makete bibi huingiza jiko la mkaa chumbani mkaa ukishashika wote na moshi umeisha, na dirisha anaacha wazi kidogo. Mume wangu anasema hakuna shida, wamelelewa hivyo. (Mkwe, Makete)

Shida ipo, na ni ya kuua. Moshi unaoonekana ukiisha, haina maana hewa imekuwa safi. Mkaa mwekundu unaendelea kutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi, haina harufu wala haikeri koo. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Aliyelala hashtuki, anazama tu kwenye usingizi. Dirisha lililofunguliwa kidogo haliondoi hatari hiyo, na majivu yanayofunika mkaa hayaizuii. Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu isiyo na nguvu, mtoeni nje kwenye hewa mara moja, kisha hospitali.

Bibi usimvue jiko ukamwacha na baridi. Mpe mbadala kabla hujagusa jiko. Baridi ya kitandani hutokea chini zaidi ya juu, kwa sababu godoro lililolaliwa hubonyea na kupoteza unene wake. Tandika blanketi zito moja chini ya shuka, kisha mawili ya kujifunika. Mpe chupa ya mpira ya maji ya moto: maji yaliyochemka yaache yapoe kidogo, jaza theluthi mbili, bana chupa hadi hewa itoke, funga, ipindue juu ya beseni uone kama inavuja, halafu ivishe taulo. Iwekwe miguuni nusu saa kabla hajapanda kitandani. Ngozi ya mzee huungua bila yeye kuhisi, kwa hiyo taulo si hiari. Soksi za sufu na kofia vinamaliza kazi. Jiko libaki jikoni au barazani, na jioni bibi aotee huko huko pamoja na wengine.

Sebule yetu ina taa moja ya katikati, nyeupe mno. Ukikaa unajiona uko duka la dawa. Nimebadilisha rangi ya ukuta lakini wapi. (Kaka wa Kihesa, Iringa)

Rudisha hela ya rangi mfukoni, tatizo ni balbu. Soma pembeni ya boksi: kuna namba inayoishia na herufi K. Nyingi zinazouzwa ni 6500K, mwanga mweupe wenye ubluu, mzuri kwa karakana. Sebuleni na chumbani tafuta 2700K au 3000K. Usichanganye namba mbili chumba kimoja, ukuta utaonekana una madoa.

Kisha vunja taa moja iwe tatu. Ya katikati, wati 9, ibaki ya kufagilia na ya wageni wengi. Ongeza mbili za wati 5 kwenye pembe, kimo cha sentimita 120 hadi 150, zikitazama ukuta ili macho yasione balbu yenyewe. Vikapu vya milulu vya Iringa vinatengeneza kivuli kizuri sana cha taa ukikipindua kimoja na kutoboa kitako. Masharti ni mawili: balbu iwe ya LED isiyozidi wati 5, na ibaki na nafasi ya sentimita 10 kila upande. Balbu ya zamani ya waya hapo ni kuwasha nyasi kavu.

Nyumba inanuka ukungu, hasa nyuma ya kabati. (Tukuyu)

Kwa mvua za Rungwe hilo halishangazi, lakini jua kwanza maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, acha siku mbili. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Mwite fundi aangalie mifereji ya nje kabla ya kupaka rangi yoyote. Yakiwa juu, ni mvuke wenu wenyewe: nguo zinazoanikwa ndani, sufuria zisizofunikwa. Sogeza kabati sentimita 10, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa dakika 15 mvua ikikata. Ukungu uliopo usugue kwa jiki kikombe kimoja kwenye maji lita 4, madirisha yakiwa wazi, na usichanganye na siki wala dawa ya choo. Inatoka hewa ya sumu. Ubani unaficha harufu tu.

Nimepanga Mafinga. Bati tupu, hakuna dari, mwenye nyumba hataki gharama. (Mpangaji)

Mwonyeshe hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji jipsamu 5 za futi 4 kwa 8, ukiweka na za kukatia, na fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili kila sentimita 60. Mbao za paini za Sao Hill mnazo mlangoni, usafiri si kisingizio. Fundi aache mlango wa sentimita 60 kwa 60 wa kupandia juu, na matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu, la sivyo bati litatoa jasho usiku na kulowesha jipsamu. Pendekeza ulipie wewe na akate kwenye kodi kidogo kidogo. Akikubali, muandikiane na kusaini kabla msumari wa kwanza haujagongwa.