Barua tatu, mama mmoja na saa mbili: ushauri kwa wadogo zangu wanaotaka kusomea nyurolojia Marekani

Tarehe 16 Machi 2020 kila Mtanzania ana lake la kukumbuka, maana ndiyo siku alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Mimi nakumbuka saa kumi na mbili jioni, nimekaa ukingoni mwa kitanda changu Dar es Salaam, barua pepe imefunguka kwenye simu: sikupata nafasi. Miaka mitatu ya kusoma usiku baada ya zamu, akiba yangu yote, na fedha ambazo kaka yangu alizikopa kwenye kikoba cha wifi. Nilizima simu nikalala na nguo zangu za kazi.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka vijana wa tiba wananiandikia kuuliza namna ya kuingia rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa, ya ubongo na mishipa ya fahamu kule, na maswali yao karibu yote ni ya alama za mitihani. Mitihani ina uzito wake. Lakini mimi mtihani haukuniangusha.

Kwanza njia yenyewe. Daktari aliyesomea nje ya Marekani hupitia ECFMG, taasisi iliyoko Philadelphia, ambayo huhakiki shahada yake na kumpa cheti akishafaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, hatua za Step 1 na Step 2 CK. Tangu Januari 2022 Step 1 haitoi alama tena, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo macho yote yamehamia Step 2 CK. Nguvu zako ziweke huko. Enzi zetu kulikuwa na mtihani wa kumhoji na kumpima mgonjwa wa kuigiza, uliotulazimisha kupanda ndege hadi Marekani. Ulifutwa Januari 2021. Siku hizi mnafanya mtihani wa Kiingereza cha kitabibu, OET, bila kuvuka bahari, na huo ni mzigo mkubwa mmepunguziwa. Maombi hutumwa Septemba kupitia mfumo wa ERAS. Usaili hufanyika kuanzia Oktoba hadi Januari. Kisha wewe unapanga hospitali kwa jinsi unavyozitaka, nazo zinawapanga waombaji, na kompyuta ya Match, mfumo wa kugawa nafasi hizo, inaoanisha. Jumatatu ya wiki ya Match, katikati ya Machi, unaambiwa umepata au umekosa. Ijumaa unaambiwa ni wapi. Kazi inaanza Julai.

Mafunzo ni miaka 4: wa kwanza ni wa magonjwa ya ndani, mitatu inayofuata ndiyo ya nyurolojia. Hapa soma kwa makini, kwa sababu wengi wanapita haraka. Kuna nafasi zinazokupa miaka yote minne mahali pamoja, na kuna zinazoanzia mwaka wa pili, ule wa kwanza ukajitafutie mwenyewe kwingine. Nina mwenzangu aliyepata mitatu akakosa mmoja, akatumia miezi mizima akihangaikia mlango wa kuingilia nyumba ambayo tayari ilikuwa yake. Kama unaomba kutoka nyumbani, na viza iko mbele yako, zipe kipaumbele zile za miaka minne.

Sasa niseme kilichoniangusha. Mara ya kwanza niliomba barua za mapendekezo kwa wakubwa watatu wenye majina mazito. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikimpima mgonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja alichelewesha barua hadi Novemba, wakati hospitali nyingi zilishachagua watu wa kuwaita. Baadaye sana, daktari mmoja aliyekaa kwenye kamati za usaili aliniambia barua za namna hiyo wanazijua kwa sentensi ya kwanza: zinasema mwombaji ni mchapakazi, ana nidhamu, anaelewana na wenzake. Hazisemi alifanya nini. Na ile barua yangu ya kujieleza ilikuwa mbaya zaidi. Niliandika kuhusu mashine ambazo sikuwahi kuzigusa na utafiti nilioujua kwa kuusoma tu, kana kwamba nilikuwa nikiona aibu kusema nimetoka wodi ambayo kipimo cha MRI mgonjwa anakisubiri kwa wiki, na wakati mwingine anakikosa kwa sababu ya pesa.

Mwaka uliofuata nilikuwa kazini katika hospitali ya wilaya, na Jumatano nilikuwa kwenye kliniki ya kifafa. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka mitatu anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Nilipochukua sindano, mama yake akamkumbatia akanigeuzia mgongo. "Ni degedege," alisema. "Akichomwa sindano anakufa." Imani hiyo mnaijua. Mimi nilishaanza kupandisha sauti. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza mwaka astaafu, akanisogeza kwa kiganja, akaketi sakafuni karibu na yule mama, akamuuliza homa ilianza siku gani, mtoto alikula nini, nyumbani wamemfukiza au bado. Hakubishana naye hata neno moja. Akamwambia dawa ya kutuliza inaweza kupitia njia ya haja kubwa, bila sindano. Mama akalegeza mikono. Kipimo kilionyesha malaria kali, na degedege ilipotulia mama mwenyewe ndiye aliyeshika mkono wa mtoto tukafungua njia ya dripu.

Hicho ndicho nilichoandika. Ukurasa mmoja: usiku ule, muuguzi yule, na nilichokosea mimi. Barua za mapendekezo nikaomba kwa daktari wa kliniki ya kifafa aliyefanya kazi nami kila wiki, kwa bingwa aliyenisimamia kuchukua maji ya uti wa mgongo, na kwa mwalimu mmoja wa Marekani niliyekuwa chini yake miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo. Nilikaa na kila mmoja nikamkumbusha wagonjwa tuliowaona pamoja. Zote ziliingia kwenye mfumo kabla Septemba haijaisha.

Ugonjwa wa korona ulifanya usaili wote wa msimu ule uwe wa video. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu majira yao ya baridi, na mchana wa Chicago ni saa tatu usiku. Fanya hesabu hiyo mapema, na uiandike ukutani. Umeme ulinikatikia katikati ya usaili wa pili, nikamalizia kwa simu gizani. Kuanzia hapo nilikuwa naazima ofisi yenye jenereta. Karibu kila aliyenihoji aliuliza habari za yule mama wa degedege. Mmoja aliuliza, "Ukimpata mgonjwa wa hivyo huku kwetu utafanyaje?" Nikamjibu nitakaa sakafuni.

Kuhusu kupanga orodha, msisikilize wanaowaambia mkisie nani anawataka. Panga kwa unavyopenda kweli. Hesabu inayotumika huanza na matakwa ya mwombaji. Ukiiweka juu hospitali unayoitamani hata kama ni ndoto, hupotezi nafasi yako kwenye zile za chini. Alvin Roth, mchumi aliyeusanifu upya mfumo huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi ya aina hiyo. Ila usiandike mahali usipokuwa tayari kwenda, kwa sababu matokeo yake yanakufunga.

Ijumaa tarehe 19 Machi 2021 nchi ilikuwa msibani, na asubuhi Mama Samia alikuwa ameapishwa. Jioni saa moja nikafungua barua pepe. Miaka minne, mahali pamoja. Kaka alilia kuliko mimi.

Ukishapata, usikae. Wengi wetu tulikwenda kwa viza ya J-1, ya wanaokwenda kwa mafunzo, na viza hiyo inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema kwamba taifa linahitaji mabingwa wa fani hiyo. Anza kuifuatilia wiki hiyo hiyo, ukiwa na nakala zote mkononi. Viza hiyo pia inakutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya mafunzo. Nawasikia wanaoizungumzia kama kifungo. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na mabingwa wetu wa mishipa ya fahamu bado ni wachache mno. Mimi sijawahi kuiona kama kifungo.

Mafunzo yenyewe yatakuchosha, sitakuficha. Kikomo ni wastani wa masaa 80 kwa wiki, na kuna wiki utayaona yote. Mwanzoni nilitishika: kila mgonjwa ana picha ya ubongo kabla hajakaa vizuri kitandani. Kisha nikagundua wenzangu wengine wanaifungua picha kwanza, ndipo wanakwenda kwa mgonjwa. Nyundo yako ya magoti, tochi yako na maswali yako usiviache. Sisi tuliolazimika kutafuta palipoumia kwa mikono tuna mazoezi ambayo pale ni adimu.

Jumamosi moja ya mwaka wangu wa tatu, peja ikaita: kiharusi, chumba cha dharura. (Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike.) Alikuwa mama wa Kikongo wa miaka sitini na kitu, mkono wa kushoto umelegea. Mwenzangu alikuwa ameshaandika kwamba amepoteza lugha, na kwamba muda wa dawa umepita. Mjukuu wake wa miaka kumi na mbili hivi ndiye aliyekuwa akitafsiri. Kwenye kadi ya picha tunayotumia kupima kiharusi kuna glavu, ufunguo, kiti, unyoya, mmea wa kaktasi na kitanda cha kamba cha kuning'iniza. Viwili vya mwisho mama hakuvitaja. Lakini lugha kwa watu wengi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na mkono uliolegea ni wa kushoto, yaani tatizo liko kulia. Hayo mawili hayakukaa pamoja.

Nikasimama upande wake wa kulia. "Shikamoo mama."

Macho yakanigeukia. "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Tanzania?" Sauti ilikuwa nzito, mdomo umevutika, lakini maneno yote yalikuwa mahali pake. Alikuwa ameishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Ile kaktasi hakuwahi kuiona maishani.

"Mama, mara ya mwisho kuwa mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Si nimemwambia huyu mtoto? Saa mbili. Nilikuwa napika uji."

Mtoto alikuwa ametafsiri neno kwa neno: mbili. Wakaandika saa nane ya usiku. Ukutani saa ilionyesha saa nne na dakika arobaini asubuhi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa manne na nusu. "Saa mbili ya asubuhi, mama? Jua limetoka?"

"Limetoka. Watoto walikuwa wameshaamka."

Masaa mawili na dakika arobaini. Picha haikuonyesha damu kuvuja. Dawa ilianza kuingia saa tano kasoro dakika mbili. Siku ya nne alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, polepole, huku wa kulia ukikisindikiza.

Jumatatu niliandika karatasi kwa Kiingereza nikaibandika karibu na simu ya wakalimani: kwa wanaozungumza Kiswahili, saa huhesabiwa kuanzia mapambazuko; ongeza sita, na umuulize mgonjwa jua lilikuwa wapi. Chini yake, kwa kalamu ya mkono, mwenzangu aliyeandika saa nane ya usiku akaongeza: "Na usimtumie mtoto kutafsiri."