Mteja alisema anaumwa, mimi nikamjibu habari za mvua

Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya kampuni inayosafirisha minofu ya sangara kutoka Mwanza, mteja wa Uingereza alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa nzito. Akasema yuko "under the weather". Nilichoshika ni hilo neno la hali ya hewa, nikamjibu haraka kwamba hata huku mvua imenyesha usiku kucha na ziwa limechafuka. Akanyamaza kidogo, kisha tukaendelea na bei.

Jioni mwenzangu akanifafanulia: yule mtu alikuwa anasema hajisikii vizuri. Iliniuma sana. Kwetu mtu akikwambia anaumwa, kinachotangulia ni pole, na mimi nilimnyima.

Sarufi ya shuleni nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba nilikuwa natafsiri neno mojamoja. Mgeni akijifunza Kiswahili kwa mtindo huo, atafanyaje na "piga"? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Kiingereza nacho kimejaa mambo hayo. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, na ukijua "put" peke yake bado hujafika popote.

Kilichonisaidia ni daftari dogo. Siandiki msemo na maana yake tu. Naandika sentensi nzima, nani alimwambia nani, na nini kilifuata. Kuna ukurasa unaosema hivi: mgeni alikuja nyumbani Igoma, mama akamkaribisha chai ya pili, mgeni akasema "I'm good", mama akasikia "good" akamjazia kikombe mpaka juu. Kumbe alikuwa anakataa kwa heshima: asante, nimetosheka. Misemo ya aina hii ndiyo inayotuponyoka zaidi, kwa sababu maneno yake ni mepesi na hakuna anayeshtuka kwamba ni msemo.

Mingine asili yake iko mbali nasi. "Ballpark figure" ni makadirio ya harakaharaka, na ballpark ni uwanja wa besiboli, mchezo wa Wamarekani. Mteja akiiomba, usikeshe unapiga hesabu hadi senti ya mwisho. Mpe kadirio saa hiyohiyo.

Halafu usiuchezee msemo. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Ukitaja ndoo, utamu umekwisha. Na usikimbilie "it's raining cats and dogs", yaani mvua inanyesha sana, kwa kuwa ulikariri shuleni, maana katika mazungumzo ya kila siku siku hizi ni nadra kuusikia. Sikiliza kwanza watu wanasema nini. Mimi msemo siutumii mpaka niusikie mara kadhaa kwa watu tofauti, na kwenye barua ya kikazi naandika Kiingereza cha kawaida kabisa.

Mwezi uliopita mteja mwingine alinisimulia alivyotapeliwa na muuzaji, akasema aliamini yote "hook, line and sinker". Sikufungua kamusi. Baba yangu alivua kwa mshipi Kayenze, na tangu utotoni nimeona sangara aliyemeza ndoana, mshipi na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, vyote kwa pamoja. Nikampa pole papo hapo.