Maswali ya Wasomaji: Picha za Karate Chini ya Taa za Ukumbi

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu hucheza karate katika klabu moja hapa Tanga, na mashindano yao hufanyika jioni katika ukumbi wenye taa za tyubu peke yake. Ninatumia kamera pamoja na lenzi ya zumu iliyouzwa nayo. Picha nyingi hutikisika, na hata zilizotulia hazifanani rangi: moja ni ya manjano, inayofuata ina ukijani, ingawa nimezipiga mfululizo bila kugusa kitu. Je, kamera yangu ni mbovu?
Mama wa mwanakarate, Tanga

JIBU: Kamera yako ni nzima, dada; taa ndizo zinazokuhadaa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya tyubu ya aina ya zamani hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kupepesa huko, lakini shuta, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, inayofunguka kwa 1/500 ya sekunde hunasa kipande kimoja tu cha wimbi hilo, hivyo picha moja huangukia kwenye kilele cha mwanga na nyingine huangukia pale mwanga unapofifia na hata rangi yake kubadilika. Ukipiga kwa 1/100, kila picha hupata wimbi zima na rangi hutulia. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina kitufe cha kuzuia athari hiyo kwenye menyu. Kiwashe, na usitumie shuta ya kielektroniki, kwa kuwa huleta michirizi.

Utauliza: mwendo wa 1/100 utawezaje kunasa karate? Kwa kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa ambao mchezaji huuonyesha bila mpinzani, unaweza, tena vizuri sana, kwa sababu kila pigo huishia kwenye kime, ambapo mwili wote hukaza na kusimama kwa kitambo kidogo. Keti na binti yako akufundishe kata zake. Katika Heian Shodan, kata ya wanaoanza katika mtindo wa Shotokan, kwa mfano, kiai, yaani ukelele wa nguvu, hutolewa katika hatua ya 9 na ya 17, na anayelijua hilo huwa na kidole tayari kabla sauti haijasikika.

Kumite, yaani pambano la wawili, haina subira hiyo. Hapo unahitaji 1/500, na lenzi uliyo nayo haitoshi, kwani ukiivuta hadi mwisho hubaki na tundu la f/5.6 au karibu na hapo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), wakati lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Tafuta hata iliyotumika. Kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400 bila woga, maana chengachenga zinazotokea kwenye picha huvumilika, ilhali uso uliotikisika haurekebishiki.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni gi nyeupe, yaani vazi la karate. Kipimo cha mwanga cha kamera huiona nguo hiyo kuwa mwanga mwingi mno, hivyo hutia picha giza, na nyuso zetu nyeusi ndizo zinazopotea kwanza. Pima mwanga usoni, hamia kwenye mpangilio wa mkono, na uhakikishe tu kwamba mikunjo ya kitambaa bado inaonekana. Picha iliyopigwa kwa ISO kubwa na mwanga wa kutosha hupendeza kuliko ile ya ISO ndogo iliyokuja kung'arishwa baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu ung'arishaji huo ndio unaofukua chengachenga kwenye ngozi. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, ili rangi uweze kuisawazisha nyumbani.

SWALI: Je, flashi haiwezi kumaliza tabu yote hii?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, na ninakusihi usiijaribu. Mwanga huo humpiga machoni mchezaji ambaye sekunde hiyo hiyo anakingia teke, na waandaaji wengi huikataza kabisa. Heri umwombe mwandalizi akuruhusu kuketi sakafuni katikati ya upande mmoja wa tatami, yaani mikeka ya kuchezea; kwenye pembe zake huketi waamuzi wa bendera, na migongo yao ingekuziba.