Kijiji cha Warumi, cha Kirumi au cha enzi za Warumi?

Swali: Ninahariri makala ya akiolojia ambamo mwandishi ameandika: "Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichimba kijiji cha Warumi cha Karanis, nchini Misri, kati ya mwaka 1924 na 1935." Mwenzangu anataka tuandike "kijiji cha Kirumi". Mimi sina neno na hilo, ila "walichimba" ndiyo inayonikera. Je, tufuate lipi?

Jibu: Kitenzi kina kasoro kweli, lakini kasoro kubwa zaidi imo katika "kijiji cha Warumi", na pendekezo la mwenzako haliiondoi.

A-unganifu (yaani cha, ya, wa na nyinginezo za aina hiyo) ikifuatwa na jina la watu, kinachomjia msomaji kwanza ni umiliki au ukaaji: kijiji cha Wamakonde ni kijiji wanamoishi Wamakonde. Kiambishi ki- kikitangulia shina hilohilo hutaja mtindo au asili, ndiyo maana tunasema mapishi ya Kihindi na namba za Kirumi hata kama mpishi na mwandishi wa namba hizo wote ni watu wa Tanga. Karanis haiingii vizuri katika fungu lolote kati ya haya mawili. Kilikuwa kijiji cha wakulima pembezoni mwa bonde la Fayum, kilichoanzishwa katika karne ya 3 KK chini ya wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, yaani muda mrefu kabla ya Roma kuitwaa Misri mwaka 30 KK. Nyumba zake zilikuwa za matofali ya udongo, mahekalu yake yalikuwa na ibada ya miungu mamba, na hati zake za mafunjo nyingi ziliandikwa kwa Kigiriki. Ni kweli kwamba waliishi humo pia askari wastaafu wa jeshi la Roma, na kwamba kwa amri ya Kaisari Caracalla ya mwaka 212 karibu kila mtu huru katika dola hiyo alipewa uraia wa Roma. Mwanasheria angeweza kuitetea "kijiji cha Warumi" kwa hoja hiyo. Msomaji wa kawaida, hata hivyo, hatafikiria uraia, bali ataona walowezi waliotoka Italia.

Kinachohitajika ni kutaja wakati: "kijiji cha enzi za Warumi". Nasi tuna mazoea hayo kwetu pwani, kwa maana Mombasa ya mwaka 1600 haikugeuka mji wa Kireno kwa sababu tu Wareno walikuwa wamejenga Ngome ya Yesu. Ulikuwa mji wa Waswahili katika enzi za Wareno.

Sasa kitenzi. Yambwa ya "chimba", yaani kile kinachotendwa, huwa ama shimo linalotokea, kama kisima na msingi, ama kitu kinachotolewa ardhini ili kitumike, kama mchanga na dhahabu. "Fukua" ni kinyume cha "fukia", hivyo hudai kitu kilichofunikwa na udongo ambacho sasa kinawekwa wazi. Karanis yenyewe ilishuhudia kazi zote mbili. Kabla ya watafiti wa Michigan kufika, wenyeji walikuwa wakichimba udongo wa kilima hicho, unaoitwa sebakh kwa Kiarabu, na kuutia mashambani kama mbolea, kwa kuwa matofali yaliyooza yana naitrojeni nyingi. Sehemu ya katikati ya kijiji ikapotea kwa njia hiyo. Watafiti walifukua kilichosalia: nyumba, maghala ya nafaka na minara ya njiwa. Kuandika kwamba "walichimba kijiji" ni kuwabebesha kazi ya waliokuwa wakikimaliza. "Chimbua" nalo linakubalika, ingawa masikioni mwangu undugu wake na "chimbuko" hulivuta kuelekea asili ya jambo.

Ningeandika hivi: "Kati ya mwaka 1924 na 1935, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walifukua Karanis, kijiji cha wakulima wa Misri kilichokaliwa katika enzi za Warumi." Ukipenda "enzi ya Warumi" hujakosea, ila usichanganye ya na za katika makala moja.