Kabla hujaandika "majambazi saba"

Wadogo zangu wa meza ya simulizi, wiki hii nimesoma skripti tatu za magenge ya pombe ya Chicago, na zote tatu zinaanza na Al Capone akivuta sigara gizani. Nawapenda, lakini jamani! Njooni tuongee.

1. Marufuku ya pombe Marekani, kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, haikukataza kunywa. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Msipolieleza hilo mapema, msikilizaji hataelewa kwa nini watu waliuana kwa ajili ya malori na maghala.

2. Msimruke Johnny Torrio. Ndiye aliyewagawia wakubwa wa magenge maeneo ya kuuzia ili risasi zipungue, na Capone alikuwa kijana wake wa kazi. Mgawanyo ule ulipovurugika, Novemba 1924, Dean O'Banion wa upande wa kaskazini aliuawa ndani ya duka lake la maua. Mmoja wa wageni alimpa mkono kama anamsalimia, akaung'ang'ania, wenzake wakafyatua. Hapo punguzeni mwendo, tafadhali. Juzi mmoja wenu amepita pale mbio kama anasoma matokeo ya mpira.

3. Wahesabuni marehemu mmoja mmoja. Hili limenigharimu, kwa hiyo nitalisema lote.

Skripti yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya Februari 14, 1929: gereji ya North Clark Street, wanaume saba wamepangwa ukutani, wauaji wawili wamevaa sare za polisi. Niliandika "majambazi saba wa Bugs Moran", yaani mkubwa wa genge la kaskazini wakati huo. Ilisikika vizuri, mhariri akapitisha, tukarusha Jumapili usiku.

Jumatatu asubuhi simu ya studio ikaita. Mzee mmoja, sauti ya taratibu, akasema amefanya kazi gereji maisha yake yote. Akaniuliza: "Mwanangu, yule fundi naye alikuwa jambazi?" Nikamwambia nitaangalia, ingawa sikuhitaji kuangalia. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: John May, fundi wa malori, ana watoto saba. Chini yake: Reinhardt Schwimmer, mpima macho, alipenda tu kukaa na wale watu. Nilikuwa nimewakata wote wawili kwa sababu waliniharibia sentensi. Kukosa kujua kungeniuma kidogo. Mimi nilijua, nikakata.

May alikufa amevaa ovaroli ya kazi. Mbwa wake, Highball, alikutwa hai, amefungwa kwenye lori, na kubweka kwake ndiko kulikowafanya majirani waje kuangalia. Mbwa nilimwacha kwenye skripti kwa sababu alinipa sauti nzuri ya kuanzia. Fikirieni: mbwa ana jina, mwenye mbwa hana.

Tulisahihisha Jumapili iliyofuata, dakika moja tu, mwanzoni kabisa. Yule mzee hakupiga tena. Sijui kama alisikia, na hadi leo nikisoma skripti ya gereji ile jicho langu linamtafuta fundi kwanza.

Na mkiwa hapohapo: Moran mwenyewe hakuwamo, Capone alikuwa Florida, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji yale. Msiandike "Capone aliwaua". Andikeni alishukiwa.

4. Capone alifungwa kwa kukwepa kodi. Oktoba 1931, miaka 11. Daftari la hesabu za kamari lililokamatwa Cicero, mji jirani wa Chicago, na mtunza hesabu aliyekubali kulisomea mahakama, vilifanya kazi kuliko bastola ya askari yeyote. Ukiona karani anachosha kwenye simulizi, umeandika vibaya. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote mle mahakamani.

5. Majina yasomeni kwa sauti kabla ya kurekodi. Gusenberg, kati ya waliouawa gereji ile, ni ndugu wawili, Peter na Frank.

Skripti mbili kati ya zile tatu zina "majambazi saba". Wenyewe mnajijua. Nileteeni kabla ya saa nane, May na Schwimmer warudi kwenye aya yao, ndipo twende studio.