Gandisha kizazi cha kwanza kabla hujapandikiza tena

Simama kwanza. Umeandika kwamba umeshatenga fangasi wanaoishi ndani ya majani ya mmea wa dawa, kwamba utawapandikiza kwenye aga mpya (jeli ya kuoteshea) kila mwezi "wasife", na kwamba vipimo vya seli za saratani ni mwakani. Halafu ukauliza kimumunyisho gani kinafaa kutolea kemikali zao, seli za aina gani, na mmea gani mwingine ujaribu. Mimi nimeganda hapo kwenye kupandikiza kila mwezi. Ukienda hivyo, mwakani huenda usiwe na kitu cha kupima.

Nimeyaona kwa macho yangu. Maabara niliyofanyia kazi tulimpata fangasi ambaye dondoo lake la kwanza liliua seli barabara, na kwenye kromatografia (kipimo kinachotenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele) kilele chake kilisimama palepale kinaposimama cha kamptothesini halisi, kemikali ya mimea inayoua seli za saratani. Aliyekuwa akituongoza akasema fangasi ni fangasi, pandikizeni tu. Kwa kumtazama hakubadilika hata kidogo: pamba ileile nyeupe, kasi ileile ya kutambaa kwenye sahani. Kilele ndicho kilichokuwa kinashuka, kizazi baada ya kizazi (kila kupandikiza ni kizazi kimoja), mpaka kikalala sawa na mstari. Kwenye friza hakukuwa na hata kichupa kimoja cha kizazi cha kwanza. Hadi leo inaniuma, kwa sababu mtu yule ndiye aliyepaswa kujua. Jambo lenyewe lilishachapishwa! Fangasi Fusarium solani aliyetengwa kutoka Camptotheca acuminata, mti wenye kamptothesini, alipunguza sana kutengeneza kamptothesini ndani ya vizazi saba tu vya kupandikizwa. Ikaonekana pia kwamba kimeng'enya kimoja muhimu hana, anategemea cha mmea. Ukimtoa kwenye mmea wake, umemkata mguu.

Na kushuka huko kuna maelezo mawili, hapo ndipo watu wanapopoteza miaka. Huenda fangasi ameacha kutengeneza. Au hakuwahi kutengeneza: dawa ilitoka kwenye tishu ya mmea, ikahama naye, na kila kupandikiza kukaipunguza. Angalia paklitakseli, dawa ya saratani inayotoka kwenye miti ya Taxus. Mwaka 1993 fangasi Taxomyces andreanae, kutoka gome la ndani la Taxus brevifolia, alitangazwa kuwa anaitengeneza, nanogramu 24 hadi 50 kwa lita. Dunia ikashangilia. Mwaka 2013 watafiti waliomchunguza upya hawakupata ushahidi kwamba anaitengeneza mwenyewe. Miaka 20 hiyo!

Bila kizazi cha kwanza kwenye baridi huna namna ya kujua uko upande gani. Ukiwa nacho unamwamsha, unamwotesha kwenye kimiminika kisicho na chembe ya mmea, unamlisha glukosi yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo, inayoweza kufuatiliwa), kisha unaangalia kama kaboni hiyo imeingia kwenye dawa. Ikiingia, kaitengeneza yeye.

Kwa hiyo siku ileile fangasi anapokuwa safi, kata vipande vidogo kwenye ukingo unaokua, vitie kwenye vichupa vyenye glisaroli (kimiminika kinachokinga seli zisiharibiwe na barafu) ya asilimia 15 hadi 20, vigandishe nyuzi 80 chini ya sifuri. Vichupa vingi, si viwili. Kila kimoja kiandikwe mmea, sehemu ya mmea, tarehe na namba ya kizazi. Kila jaribio lianzie kwenye kichupa, lisianzie kwenye sahani iliyozeeka kwenye jokofu. Mtu akikwambia huko ni kupoteza glisaroli, mwache aseme.

Kimumunyisho: anza na ethili asetati, wengi huanza nayo. Na ulipoosha majani kwa ethanoli na haipokloraiti kuua vijidudu vya juu ya jani, yale maji ya mwisho ya kusuuzia uliyaotesha uone kama kuna kinachoota? Kama hukufanya hivyo, huna hakika fangasi wako walikuwa ndani ya jani au juu yake.

Niambie hapa: walio kwenye sahani zako leo ni kizazi cha ngapi?